Kabla ya Mashine ya Mkanda, Tuulize Skrubu Zitatoka Wapi

 Leo, huku kwetu Nakivale, tunaongea ufundi wa dari. Lakini msikimbie ninyi ambao hamjawahi kupanda ngazi, juu jambo hili linagusa pesa za vikundi, na pesa za vikundi ni za wote.

Kuna mashine moja imewateka vijana wanaofunga bodi za jipsamu. Ni ile ya kufunga skrubu inayojilisha yenyewe. Skrubu zimepangwa kwenye mkanda wa plastiki kama risasi. Mtusamehe kwa mfano huo, lakini ndivyo zilivyo. Unapitisha mkanda, unasukuma pua ya mashine kwenye bodi, skrubu inaingia, na inayofuata inajiweka tayari. Hakuna kushika skrubu kwa vidole, hakuna kuidondosha chini ya ngazi na kuanza kuitafuta. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani na Kanada, na wengine wao wanafanya kazi hiyo kule, wanatuma video. Ukitazama unaona mtu amemaliza bodi nzima kabla chai yako haijapoa. Ndiyo maana siku hizi kikundi cha dari kikikaa kuandika ombi la vifaa, mashine ya mkanda inawekwa namba moja.

Sisi tunasema isiwekwe namba moja. Hatusemi ni mashine mbaya. Ni nzuri sana, na siku yake itafika. Tunasema kwamba kwa kikundi kinachoanza huku kwetu, chenye ruzuku moja ya kununulia vifaa na hakijui nyingine itakuja lini, kinachotakiwa kuchaguliwa kwanza ni skrubu, halafu mashine. Ukigeuza mpangilio huo, mashine itaishia stoo, na kikundi kitarudi kwenye drili ya kuazima.

Tuanze na kwa nini mashine hii ilitengenezwa. Marekani wamejenga kwa bodi za jipsamu muda mrefu. Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya namna hiyo mwaka 1894, na baada ya Vita Kuu ya Pili, nyumba zilipojengwa kwa wingi na kwa haraka, bodi ziliichukua nafasi ya plasta ya kupaka kwa mkono. Kule nyumba moja inafungwa bodi kuta zote na dari zote, kwa hiyo skrubu ni maelfu. Tena mafundi wengi wanalipwa kwa idadi ya bodi au kwa ukubwa wa eneo walilofunga, si kwa siku. Mtu anayelipwa hivyo, kila sekunde anayookoa kwenye skrubu moja ni pesa yake. Na mikanda ya skrubu iko tele kwenye maduka yao. Mashine imezaliwa katika mazingira hayo, inaeleweka.

Sasa tuangalie kazi zetu. Kazi nyingi tunazopata, huku ndani ya kambi na kule Mbarara, ni dari. Kuta ni matofali, zinapigwa plasta ya saruji. Mwenye nyumba anataka sebule ipendeze, mwenye duka anataka dari ya kisasa, kanisa linataka kufunika mabati. Chukua sebule ya mita 4 kwa 6. Hiyo ni mita za mraba 24. Bodi ya kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Utahitaji bodi kama 9. Fremu ikiwa kila sentimita 40, bodi moja inapita kwenye mistari 7. Kila mstari ukiweka skrubu kila sentimita 30, unapata skrubu 5. Saba mara tano ni 35. Mara bodi 9 ni skrubu 315.

Tuseme fundi anayelisha kwa vidole anatumia sekunde 10 kwa kila skrubu, pamoja na kuitoa mfukoni. Jumla ni dakika 52 hivi. Tuseme mwenye mashine ya mkanda anatumia sekunde 4. Jumla ni dakika 21. Mashine imeokoa nusu saa. Nusu saa, katika kazi ambayo kwa kupima usawa, kufunga fremu, kukata, kuinua, kuweka tepu, kupaka puti, kusubiri ikauke, kupaka tena na kupiga msasa, inakula siku tatu au nne. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua muda unaenda wapi. Unaenda kwenye fremu isiyonyooka na kwenye kusubiri puti ikauke. Skrubu ni sehemu ndogo.

Hesabu hiyo hiyo inabadilika kazi ikiwa kubwa. Ukipata ukumbi wa bodi 100, skrubu ni 3,500. Kwa vidole ni karibu saa 10 za kufunga tu, na kwa mkanda ni chini ya saa 4. Hapo mashine inaanza kujilipa, na bega la fundi linashukuru. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kikundi chochote ni hili: mwaka uliopita mlifunga bodi ngapi? Si mnazotarajia, mlizofunga. Wazee walisema usinunue mbeleko kabla mtoto hajazaliwa.

Swali la pili ndilo zito zaidi. Skrubu za mkanda zinauzwa wapi? Skrubu nyeusi za kawaida, za kupimiwa au za boksi, zipo karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Zile za mkanda ni habari nyingine. Mkanda mmoja kwa kawaida una skrubu 50. Sebule yetu ya skrubu 315 inataka mikanda 7. Ukikosa mkanda katikati ya kazi, nyingi ya mashine hizi haziwezi kula skrubu moja moja kama zilivyokuja, mpaka utoe kichwa cha mkanda, na kuna nyingine hazitoki kichwa. Yaani umeshika mashine ya bei kali mkononi na boksi la skrubu mfukoni, na haviongei.

Halafu si kila mkanda unaingia kila mashine. Urefu wa skrubu nao una mipaka: mashine inakubali kuanzia urefu fulani mpaka urefu fulani, na lazima uipange pua yake kufuata urefu huo. Na meno ya skrubu yana maana. Fremu ya chuma chepesi inataka skrubu ya meno ya karibu karibu. Fremu ya mbao inataka ya meno mapana, ambayo yanashika mbao vizuri. Kikundi kinachofanya leo fremu ya chuma na kesho mbao kinahitaji aina mbili za mikanda. Ongeza biti yake. Mashine za mkanda zinatumia biti ndefu za kwake, na biti zinalika. Ile fupi ya kawaida inayopatikana kila mahali haifiki kwenye skrubu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la mashine kwenye ombi, tuma watu wawili Mbarara na orodha fupi. Mikanda ya skrubu ya milimita 25 kwa fremu ya chuma: ipo? Ya milimita 32 kwa mbao: ipo? Biti ndefu: ipo? Waulize maduka matatu, waandike bei ya mkanda, wagawanye kwa 50, halafu walinganishe na bei ya skrubu moja ya boksi. Kama ni duka moja tu linalouza, jueni mmefunga ndoa na duka hilo. Kama hakuna hata moja, mjadala umeisha kwa mwaka huu.

Swali la tatu ni umeme. Mashine ya waya inakula kama wati 500 hadi 700. Jenereta ya kilowati 2 inaibeba bila shida, lakini sola ya kuchajia simu haiwezi. Ya betri ni rahisi kubeba, ila betri moja haitoshi. Zinatakiwa mbili, moja ikifanya kazi nyingine kwenye chaja, na chaja nayo inataka mahali pa kuchomeka saiti. Kama kikundi kina drili ya betri tayari, chagueni mashine inayotumia betri zile zile. Kila kampuni ina mlango wake wa betri, na betri ndiyo sehemu inayokufa mapema.

Na hapa tunaongea na ndugu zetu wa ng'ambo wanaotaka kututumia mashine. Tunashukuru kwa moyo wote. Lakini mashine ya waya ya Marekani ni ya volti 120, na umeme wa Uganda ni volti 240. Ukiichomeka hivi hivi itaungua. Hata ya betri, angalieni chaja yake: kama imeandikwa 120 peke yake, haifai huku. Na betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaokaa chini ya ndege, msafiri anazibeba mkononi. Isiyozidi saa-wati 100 inakubalika bila kibali cha shirika la ndege. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ni saa-wati 90, kwa hiyo inapita. Kubwa zaidi ya hapo, uliza kwanza. Kama mna nia ya kusaidia na hamna uhakika, tumeni pesa, tununue huku kitu ambacho fundi wa huku anaweza kukifungua na kukitengeneza.

Sasa, kama si mashine ya mkanda, tununue nini?

Kwanza tuelewe skrubu inatakiwa kufanya nini, juu hapo ndipo kuna usalama wa watu. Nguvu ya bodi ya jipsamu iko kwenye karatasi yake. Kichwa cha skrubu kinatakiwa kuzama kidogo tu chini ya uso wa karatasi, bila kuichana. Kikitokeza, puti haikifuniki. Kikizama mno, karatasi inachanika na skrubu inabaki imeshika unga. Ukiichana, haitoshi kuziba na puti. Unaweka nyingine kama sentimita 5 pembeni. Bodi nzima inaweza kuzidi kilo 20. Ikining'inia kwa skrubu zilizochana karatasi haianguki siku ile ya kukabidhi kazi. Inasubiri, paa linavuja kidogo, bodi inalowa, halafu siku moja inashuka juu ya kitanda cha mtoto. Na siku hiyo hakuna atakayetaja mashine. Watasema ni wale wakimbizi waliofunga dari. Jina hilo likishatoka, hata kikundi ambacho hakikuwepo kitanyimwa kazi.

Kwa hiyo kina cha skrubu ndicho cha kununua, siyo kasi. Na kina kinapatikana kwa njia tatu. Ya bei ndogo kabisa ni biti yenye kikombe: kikombe kikigusa bodi, biti inaachia kichwa cha skrubu yenyewe. Inaingia kwenye drili yoyote ya kawaida. Ya pili ni mashine ya skrubu ya jipsamu isiyo na mkanda. Hii ina pua ya kupimia kina, na biti yake haizunguki kwa nguvu mpaka uisukume kwenye bodi. Ikifika kina ulichopanga, inaachia. Ya tatu ndiyo ya mkanda, ambayo ndani yake ni hiyo hiyo ya pili, imeongezewa mlishaji. Mkilijua hilo mnaona kitu muhimu: mlishaji anaharakisha, lakini hapangi kina. Kina kinapangwa na pua, na pua inapangwa na fundi.

Na ipo njia ya katikati ambayo tunaipenda. Makita na DeWalt, kwa mfano, wana mashine za skrubu za betri ambazo kichwa cha mkanda kinauzwa kando na kinachomekwa baadaye. Kikundi kinaweza kuanza na mashine yenyewe, kikatumia skrubu za boksi za hapa, na siku mikanda ikipatikana na kazi kubwa ikija, kikaongeza kichwa. Hamjafunga mlango. Ila jihadharini, majina makubwa yanaigizwa sana masokoni. Nendeni dukani na kipande cha bodi na kipande cha fremu. Muombe muuzaji mjaribu kabla ya kulipa. Kama ni ya mkanda, malizeni mkanda mzima wa skrubu 50 na mhesabu ngapi zimekwama, ngapi zimezama mno. Muuzaji akikataa kujaribisha, amewajibu.

Pesa inayobaki, wekeni kwenye vitu ambavyo havipendezi kwenye picha. Laini ya maji au leza ya kupimia usawa. Miwani, juu unga unadondokea machoni ukifanya kazi ukiangalia juu. Barakoa za msasa. Na yale majiti ya T ya kushikilia bodi, ambayo mnatengeneza wenyewe kwa mbao, marefu kuliko kimo cha dari kwa sentimita mbili tatu hivi ili yabane. T mbili zinaokoa muda kuliko mashine, na zinaokoa shingo za watu wawili waliokuwa wanabeba bodi kwa vichwa.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Mashine ni moja, kikundi kina watu sita. Nani anaishika? Tumeona mara nyingi: mwenye mashine ndiye fundi, wengine wanakuwa wabebaji. Mwaka unaisha, mmoja anajua kufunga, watano wanajua kuinua. Na wasichana waliojiunga ndio wa kwanza kubaki na ufagio. Ruzuku ile ile ikinunua drili tatu na biti za kikombe, watu watatu wanafunga kwa wakati mmoja na wote wanajifunza kusikia kwa mkono pale skrubu inapokaa sawa. Mkono uliojifunza hivyo ukipewa mashine ya mkanda kesho, utaizoea upesi. Aliyeanza na mkanda, ukiisha, hana pa kuanzia.

Tunajua tutajibiwa. Kuna vijana watasema: kwani mkimbizi ni wa vifaa vya chini siku zote? Kila tukitaka kitu cha kisasa, mnatuambia hatujafika. Tunawaelewa, na hasira hiyo tunayo pia. Tumechoka kupewa vilivyobaki. Lakini kitu cha kisasa ambacho hakifanyi kazi mwezi wa tatu nacho ni kilichobaki, kimechelewa tu kujulikana. Heshima yetu iko kwenye dari inayokaa miaka na mteja anayerudi na jirani yake. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa nafasi ya kufanya kazi na kutembea, nafasi ambayo wenzetu katika nchi nyingine wanaililia. Tukiitumia vibaya kwa kazi mbovu, tunajifungia wenyewe.

Wengine watasema: mimi nasubiri safari ya nchi ya tatu, nataka nifike nikiijua mashine. Hoja nzuri. Jibu letu ni kwamba mashine moja ya mkanda iwekwe kwenye kituo cha mafunzo, na mikanda ya kutosha, kila mwanafunzi aishike. Hapo ni mahali pake. Mwajiri atakufundisha mashine yake kwa asubuhi moja. Hatakufundisha kupima usawa wala kutochana karatasi.

Kwenu wa mashirika, tunaomba mambo matatu, kwa heshima. Moja, muulizeni fundi kabla ya kununua. Siyo kiongozi wa kikundi peke yake, fundi anayepanda ngazi. Mbili, bajeti ya mashine iwe na mstari wa vinavyoliwa: mikanda, biti, betri ya pili, matengenezo. Kama mstari huo hauna pesa, hata mashine isinunuliwe. Tatu, mkija kutathmini, msihesabu mashine zilizogawiwa. Rudini baada ya mwaka, muulize zimefunga bodi ngapi. Kuna stoo tunazijua ambamo vifaa vimekaa na stika ya mfadhili bado inang'aa. Stika inang'aa juu hakuna mkono uliogusa.

Na kwenu vijana wenzetu, wiki hii kabla ya kikao cha vifaa, fanyeni hesabu mbili tu: bodi mlizofunga mwaka jana, na bei ya mkanda mmoja pale Mbarara kama upo. Zileteni kikaoni zimeandikwa kwenye karatasi. Zikionyesha mashine ya mkanda inalipa, sisi tutakuwa wa kwanza kusaini ombi lenu.